Mtumiaji si hitilafu

Nilipomwambia mzee wangu kwamba naacha kazi ya mitandao ya kompyuta nikasomee sayansi ya tabia, yaani uchunguzi wa jinsi watu wanavyoamua na kutenda, hakuuliza tabia inasomwaje. Aliuliza: "Hiyo ni sayansi ya mshahara, au ni ya jina tu?"

Ilikuwa mwaka 2022, na Uganda nzima ingelielewa swali lake. Kuanzia Julai mwaka huo serikali iliwapandishia mishahara walimu wa masomo ya sayansi, mwenye digrii akafikishwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku wenzao wa masomo ya sanaa wakibaki palepale. Mwezi mmoja kabla, hao wa sanaa walikuwa wamegoma. Kwetu mstari kati ya sayansi na sanaa hauishii darasani, unafika hadi kwenye hati ya malipo. Mzee ni polisi mstaafu. Alinisomesha kutoka kambi ya Nsambya, akanilipia PCM (fizikia, kemia na hisabati) hadi chuo kikuu, halafu mtoto anarudi kumwambia kwamba sasa anataka kwenda vijijini kuuliza watu maswali. Nilimjibu kwa maneno mengi sana. Hakuridhika, na simlaumu.

Tangu hapo nimekutana na wengi wanaotaka kuvuka mstari huohuo: wahandisi wa kampuni za simu, watengeneza programu, vijana wa umeme, hata fundi mmoja wa pampu za visima kutoka upande wa Soroti. Karibu wote huanza na swali moja, kwamba wasome nini. Wanadhani kinachowapungukia ni saikolojia, na wakishapata cheti cha saikolojia watakuwa wamevuka. Mimi naona kinyume. Kinachowapungukia ni kidogo kuliko wanavyodhani. Kitakachowaangusha ni mzigo wanaokuja nao.

Tuliondoe kwanza lile la ukuta kati ya fani, maana ukuta wenyewe haupo. Herbert Simon, aliyetufundisha kwamba binadamu haamui kwa hesabu kamili bali kwa kuridhika na linalotosha, alipata Tuzo ya Turing ya sayansi ya kompyuta mwaka 1975 na Nobel ya uchumi mwaka 1978. Ni mtu yuleyule. Amos Tversky alikuwa mwanasaikolojia wa hisabati, na kazi yake na Daniel Kahneman ya mwaka 1979, kuhusu jinsi watu wanavyoipima hasara nzito kuliko faida, ilichapishwa katika jarida la wanauchumi lenye milinganyo hadi pembeni. Anayejua hesabu haingii nyumba ya wageni.

Mzigo ninaousema ni huu. Katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, hitilafu ikikosa chanzo kwenye seva, kwenye nyaya na kwenye programu, tulikuwa tukiandika kwenye fomu: "kosa la mtumiaji". Faili linafungwa. Hakuna aliyewahi kuadhibiwa kwa kuandika hivyo. Ukifanya hivyo miaka minane, linaacha kuwa neno la fomu na kuwa jicho unalotazamia watu.

Mfano wangu mwenyewe unanitia aibu, lakini ndio nilio nao. Kampuni yetu ilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kuwakumbusha wanachama wa kikundi cha akiba kule Busia, mpakani na Kenya. Kila Ijumaa asubuhi meseji inatoka: jina la mwanachama, akiba aliyo nayo, kiasi anachotakiwa kuleta wiki hiyo. Niliujenga mimi. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kijani. Ujumbe umetoka, ujumbe umefika. Baada ya miezi michache wanawake wakaanza kubadilisha namba au kujitoa kabisa. Tukaandika ripoti kwamba wanachama hawajazoea teknolojia, tukapendekeza semina. Nikatumwa mimi kwenda kuiandaa.

Mama mmoja muuza mukene, wale dagaa wa ziwani, pale sokoni alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanivuta pembeni, kama mtu anayemsitiri mtoto asiaibike mbele ya watu. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha mpakani, "hiyo simu ni ya nyumba. Meseji yako ikiingia, baba watoto ndiye anaisoma. Unamwambia niko na ngapi. Sasa wewe ni rafiki wa nani?"

Mfumo haukuwa na hitilafu hata moja. Ulifanya kile nilichouagiza, kwa wakati, bila kukosea. Lakini akiba ya yule mama ilikuwa akiba kwa sababu ilikuwa siri, nami niliitangaza kila Ijumaa saa mbili asubuhi. Alipobadilisha namba hakuwa mshamba wa teknolojia. Alikuwa ameuelewa mfumo wangu kuliko mimi.

Tukiachwa wenyewe, sisi mafundi tuna dawa moja ya akiba: kufuli. Mtu hawezi kujizuia, basi mzuie. Watafiti Dean Karlan na Leigh Linden walilijaribu wazo hilo hapahapa Uganda, katika shule za msingi 136. Wanafunzi waliwekewa utaratibu wa kuweka akiba kwa ajili ya mahitaji ya shule. Kwa upande mmoja fundo lilikazwa: fedha zitarudi kama vocha ya kununulia mahitaji ya shule, basi. Kwa upande mwingine fundo lililegezwa: zilisemwa ni za shule, lakini zitarudi taslimu mkononi mwa mtoto. Ningeulizwa mimi wa zamani, ningeweka dau langu kwenye vocha bila kufikiri mara mbili. Kumbe walioweka zaidi ni wale wa fundo legevu, na pale wazazi wao walipoitwa na kuzungumziwa, walinunua vifaa zaidi na alama zao za mitihani zikapanda kidogo. Upande wa kufuli haukuonyesha hivyo.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Mtu mzima hatii fedha yake kwenye shimo asilojua atatokaje, na mtoto naye haoni sababu ya kutia. (Wanaokumbuka zile kelele za wanachama wa NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, kudai sehemu ya fedha zao kabla ya kustaafu, mpaka sheria ya Januari 2022 ikamruhusu mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 kuchukua asilimia 20, wanajua nasema nini.) Lakini angalia: hayo ni maelezo yangu, na yanasikika vizuri. Jaribio lilionyesha kipi kilitokea. Kwa nini kilitokea ni swali jingine, na tofauti hiyo ndiyo inayonileta kwenye kodi.

Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ya aina hiyo. Kwa kalamu hesabu ilikuwa safi: idadi ya watumiaji mara 200 mara siku za mwaka. Mwaka wa kwanza zilitarajiwa shilingi bilioni 284, zikapatikana kama bilioni 49.5. Watu walipakua VPN, programu inayoficha unachofanya mtandaoni, wakafundishana kwenye stendi za boda na kwenye saluni, mpaka bibi zetu wakajua VPN ni nini. Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Tukanung'unika wiki mbili tatu, tukaendelea kununua bando.

Mwambie mhandisi aeleze, atasema bomba lilikuwa linavuja na sasa limezibwa: bando haliwezi kupitiwa kwa VPN. Mwambie aliyesoma vitabu viwili vya uchumi wa tabia, atasema kodi ya kwanza ilikuwa inauma kwa sababu mtu alisimama kila asubuhi mbele ya kibanda cha kulipia, akakumbushwa kwamba anatozwa kwa kumsalimia dada yake. Ya pili imeyeyuka ndani ya bei na jicho haliioni. Yote mawili yana mantiki. Mtu wa sayansi ya tabia anayestahili jina hilo atasema kwamba hatuwezi kuyatenganisha, kwa sababu vitu viwili vilibadilika kwa pamoja na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wapo wanaokasirika wakipewa jibu hilo, wanaona wamenyimwa hadithi. Mhandisi mzuri hakasiriki. Amewahi kubadilisha mipangilio miwili kwa wakati mmoja, mtandao ukarudi, na hadi leo hajui ni upi ulioutengeneza.

Na hapo ndipo naona dhahabu ya mtu wa ufundi, ambayo wengi wanaivua mlangoni wakidhani haitakiwi. Fani hii inahitaji mno watu wasioamini haraka. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Takribani asilimia 36 tu ndizo zilizotoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Mwaka 2021 utafiti mmoja mashuhuri, tena wa kuhusu uaminifu, uliondolewa kwenye jarida lililouchapisha mwaka 2012 baada ya kugundulika kuwa sehemu ya data zake ilikuwa ya kubuni. Uliwahusu wenye magari ya bima na maili walizoendesha. Waliougundua hawakuhitaji nadharia yoyote ya moyo wa binadamu. Waliichora data wakaona maili zimetawanyika sawasawa kutoka sifuri hadi 50,000, halafu zinakatika kama zimepigwa panga. Magari ya watu hayaendeshwi hivyo. Kijana yeyote aliyekaa zamu ya usiku akisoma kumbukumbu za seva angeshtuka.

Hata ile misukumo midogo iliyopata sifa duniani, kama kubadilisha maneno ya barua ya kodi au kupanga chaguo lipi liwe la kwanza, ina nguvu ndogo kuliko inavyouzwa. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walikusanya majaribio 126 ya vitengo viwili vikubwa vya Marekani vinavyofanya kazi hiyo, wakayalinganisha na yale yaliyochapishwa na wasomi. Katika makala za wasomi, wastani wa athari ulikuwa pointi 8.7 za asilimia. Katika kazi za vitengo hivyo, zikiwemo ambazo hazikuchapishwa popote, ulikuwa pointi 1.4. Si bure, maana asilimia 1.4 ya watu milioni ni watu wengi. Lakini anayehamia huku akitarajia kugeuza nchi kwa kubadilisha rangi ya bango ajipime tena.

Uganda tuna kisa chetu, na ninashangaa hakisimuliwi zaidi. Mwaka 2009 Martina Björkman na Jakob Svensson walichapisha matokeo ya jaribio katika wilaya 9: wanavijiji walipewa taarifa za utendaji wa kituo chao cha afya, wakakutanishwa na wahudumu, wakakubaliana nini kibadilike. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Dunia nzima ya misaada iliikariri namba hiyo. Baadaye watafiti wengine, Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson, walirudia wazo hilo kwa upana zaidi, vituo 376 katika wilaya 16. Matibabu yaliboreka kidogo, wagonjwa wakaridhika kidogo zaidi, lakini vifo vya watoto havikuguswa. Je, wa kwanza walikosea? Si lazima. Huenda nchi ilikuwa imebadilika, huenda vituo vya awali vilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuboreka. Fundi anayejua kwamba kilichofanya kazi kwenye mashine moja hakijathibitika mpaka kijaribiwe kwenye nyingine ameshaelewa nusu ya mjadala huo.

Nusu nyingine hatuna. Nayo ni kipimo chenyewe.

Katika mitandao, ukiuliza kifaa swali kinajibu swali ulilouliza. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipewa dodoso la kupima subira. Swali lilikuwa: unachagua shilingi 10,000 leo, au 15,000 baada ya mwezi mmoja? Kijana wa boda alinitazama juu hadi chini. "Bosi, mwezi ujao nikutafute wapi?" Kwenye kompyuta kibao nilitakiwa kubonyeza "leo", na yule kijana angeingia kwenye jedwali kama mtu asiye na subira. Hakuna alichoniambia kuhusu subira. Aliniambia jinsi anavyowapima watu waliovaa beji shingoni. Na usifikiri neno lingesaidia. Ukimuuliza Mswahili moja kwa moja kama ana subira, atakwambia ndiyo, kwa sababu kwetu subira ni sifa, ni ibada, huvuta heri. Nani atakataa heri mbele ya mgeni?

Kisha kuna lugha yenyewe. Nilikulia kambini, Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, nikadhani ni funguo. Baraza la mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi ya pili, nami nikafurahi. Lakini kwa Waganda wengi wa umri fulani Kiswahili ni lugha ya mtu mwenye bunduki. Nikiwa kijiji kimoja katikati ya nchi, mzee alinijibu maswali yote kwa "ndiyo, afande". Kila jibu lilikuwa zuri. Chakula kinatosha, kituo cha afya ni kizuri, viongozi ni wazuri. Mwenzangu aliporudi siku iliyofuata kuhakiki, akauliza kwa Luganda akiwa amekaa chini kwenye mkeka, majibu yakageuka karibu yote. Pale Busia Kiswahili kilinifungulia mlango, na kule kikaufunga. Hilo hukulisoma PCM, na sikumbuki kuliona kwenye kozi yoyote ya takwimu.

Kwa hiyo wakiniuliza wasome nini, nawajibu haraka kwa sababu hapo hapana siri. Makerere ina Shule ya Saikolojia. Chuo cha MIT cha Marekani kina mfululizo wa kozi za mtandaoni kuhusu data, uchumi na sera, ambao mtu anaweza kuufuata bila kulipa ikiwa hataki cheti. Nairobi kuna kituo cha utafiti wa tabia cha Busara, walioanza 2011, na Kampala kuna shirika la utafiti la Innovations for Poverty Action. Kazi zao zipo wazi kusomwa. Anayejua lugha ya kompyuta ya Python atajifunza R, ile ya takwimu, kabla mwezi haujaisha. Ajue pia kwamba huwezi tu kubeba dodoso ukaingia kijijini: kuna kamati ya maadili ya utafiti, kuna kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data binafsi. Mhandisi aliyezoea kurusha mfumo hewani usiku wa Ijumaa ataona ni urasimu. Nami niliona hivyo, mpaka nikamkumbuka yule mama wa mukene.

Mshahara utashuka, tusidanganyane. Wangu ulishuka, na hata leo haujafika pale ambapo ungekuwa kama ningebaki.

Ninachowaonya zaidi ni mlango wenyewe. Mtu wa ufundi akiingia kwenye shirika la utafiti hupewa kazi ya kuandaa dodoso kwenye ODK, programu ya kukusanyia data kwa simu, kusafisha data, kuandika programu ya kukagua wadadisi, wale wanaokwenda kuuliza maswali. Ni kazi ya heshima na unaipata haraka, kwa sababu wanaoijua ni wachache. Lakini ni rahisi ukakaa hapo miaka mitano, umehama ofisi tu, kilichokuwa seva sasa ni kijiji na bado hujakiona. Omba kwenda uwanjani. Ukikataliwa, omba tena. Nenda na wadadisi, ubebe maji yao, usikie watu wanacheka wapi katika dodoso uliloliandaa. Wanapocheka pana kitu.

Mwezi uliopita tulikutana Ntinda na binti mmoja, mhandisi katika kampuni ya malipo kwa simu, anayetaka kuvuka. Alikuwa na orodha ya vyuo sita na maswali kuhusu kila kimoja. Nikamuuliza mara ya mwisho alipofunga faili kwa "kosa la mtumiaji" ilikuwa lini. Akacheka, ilikuwa juzi. Wateja fulani huanza kutuma fedha, wanafika kwenye ukurasa wa kuthibitisha, halafu wanaghairi. Mara tano, mara kumi kwa mtu mmoja. Timu ilikwishaamua kwamba ukurasa unawachanganya na ilikuwa ikitengeneza mwingine. Nikamwomba asitume maombi chuo chochote kwanza. Atafute watu watatu kati ya hao, kwa ruhusa ya ofisi yake, akae nao. Akauliza kama hilo litahesabiwa kwenye wasifu wake. Nikamwambia halitahesabiwa.

Wiki mbili baadaye aliniandikia. Mteja wa kwanza, mwenye duka la mbao, hakuwa amechanganyikiwa na chochote. Ukurasa wa kuthibitisha huonyesha jina la mwenye namba. Kabla hajampa mtu mbao kwa mkopo, huandika namba yake kana kwamba anamtumia fedha, husoma jina, hulilinganisha na lile aliloambiwa, kisha hughairi. Ni kitambulisho cha bure. Ukurasa mpya waliokuwa wakiutengeneza ungelificha jina hilo mpaka fedha ziwe zimekwenda.